Anayekula ugali wangu, kura yake iwe ya nani?

Mzee wa Karakana (Tabora)
Mwangaluka wakuu. Nimestaafu reli, nakaa Ng'ambo hapa Tabora, nina mke mmoja, watoto wanne, na redio kaseti ambayo mlango wake nimeukaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Naitaja redio kwa sababu ugomvi ulianzia hapo.

Jumapili nimekaa barazani, nimeweka kanda ya opera. Ndiyo, opera, ule mchezo wa kuigiza unaoimbwa, msicheke. Nilisoma seminari miaka miwili kabla sijakimbilia reli, na padre mmoja alikuwa na santuri za Verdi, Mwitaliano mtunzi wa opera, akitupigia jioni tukishaosha vyombo. Tangu hapo sijapona. Basi nasikiliza huku natazama uani, naona kwenye kamba ya nguo, kati ya shuka langu na gauni la mama watoto, imeanikwa kanga ya chama kile kingine. Nauliza ya nani. Binti yangu kitinda mimba, miaka 23, kamaliza chuo, kazi hana, analala kwangu, anakula kwangu, ananijibu: "Yangu, baba." Hata sauti hakushusha.

Mimi ni mhafidhina, sifichi. Nimekulia chama kimoja. Vyama vingi vilipoingia 1992, Tume ya Nyalali iliyokusanya maoni ya wananchi yenyewe ilikuwa imetuambia kwamba wanane hivi katika kila kumi walitaka tubaki na kimoja. Tukaambiwa wale wawili nao wasikilizwe. Sawa, wakasikilizwa. Lakini nyumba si taifa. Hapa hapa Tabora, Januari 1958, TANU walibishana juu ya kura tatu, yaani kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, mpaka jasho likawatoka, Mwalimu akawashawishi, wakatoka na Uamuzi wa Busara. Sauti moja. Na nyumba iwe hivyo, tubishane ndani, nje tutoke wamoja.

Hata katika opera hiyo niliyokuwa naisikiliza, La traviata, mzee Germont anamfuata mwanamke aliyemteka mwanawe, anamwomba amwache kijana, maana bintiye mzee ameposwa na wakwe watavunja posa wakisikia habari hizo. Hapigi kelele. Anaimba kama mtu anayebembeleza mtoto. Baba ndiye huyo.

Swali langu: kijana anayekula ugali wangu ana haki ya kuanika siasa za wengine uani kwangu? Mama yake kamtetea, lakini huyo ni mtu wa Ujiji, kule Kigoma, na watu wa Ujiji tangu lini wakajua kunyamaza.

Kada Mstaafu
Naunga mkono hoja. Kwangu hata kalenda ya chama kingine haipiti mlangoni. Mtoto akitaka siasa zake akapange chumba.

Wakili wa Mtaani
Mzee wangu, shikamoo. Ibara ya 5 ya Katiba inampa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura. Ibara ya 20 inampa uhuru wa kujiunga na chama anachotaka. Sijaona mahali palipoandikwa "isipokuwa anayekula ugali wa baba yake". Na kura ni siri, hata ungemvalisha kanga yako usingejua alichotia kwenye sanduku.

Binti Ujiji
Shikamoo mzee. Nilikuwa nakusoma kwa heshima zote mpaka mstari wa mwisho. Watu wa Ujiji tumekukosea nini? Umekuja kuoa kwetu, umepewa mke, umelishwa wali na samaki wa mgebuka siku ya harusi, leo unatusema mtandaoni?

Isevya Damu
Samahani, opera si ile mtu analia kama kakanyaga msumari, halafu watu wanapiga makofi?

Mzee wa Karakana
Isevya, kijana wangu, wewe ndiye umeniudhi kuliko wote. Msumari? Mwaka 1990 Kombe la Dunia lilikuwa Italia. Usiku wa kuamkia fainali, waimbaji wa opera Pavarotti, Domingo na Carreras waliimba Roma kwenye magofu ya hamamu za kale, na dunia nzima ikasikiliza. Watu wa mpira, sio mapadre! Na kwenye jumba la opera wanaimba bila kipaza sauti, sauti inapanda juu ya okestra nzima na kumfikia aliyekaa kiti cha nyuma kabisa. Huyo msanii wako wa singeli mnyang'anye kipaza sauti uone kama atasikika hata na mama ntilie wa jirani.

Isevya Damu
Singeli imeingiaje hapa? Nimetaja singeli mimi?

Mgebuka Mkavu (Kibirizi)
Naona mzee anajibu msumari, ibara ya 5 kairuka kama dimbwi. Ila mimi siko huko. Hiyo ya Ujiji kutokujua kunyamaza irudishwe ilikotoka. Ujiji ndipo Stanley alipomkuta Livingstone, Novemba 1871. Mzungu katembea miezi kutoka pwani, na alipofika akakuta watu wastaarabu, wamemtunza mgonjwa wao. Tungekuwa wa kelele, Livingstone angepona?

Mwalimu wa Kwaya
Mgebuka, hujui ulivyomsaidia mzee! Mwaka huo huo wa 1871, mwezi Desemba, ndipo opera ya Verdi iitwayo Aida ilipoimbwa mara ya kwanza, Cairo. Ndiyo ile iliyoandikwa kwa ajili ya kufungua Mfereji wa Suez.

Mzee wa Karakana
Mwalimu, hapo kwenye Suez umeteleza. Mfereji ulifunguliwa 1869. Jumba la opera la Cairo nalo lilifunguliwa mwaka huo, na waliimba Rigoletto, opera nyingine ya Verdi. Aida ilichelewa kwa sababu mavazi na mandhari yake vilikuwa vinatengenezwa Paris, na Paris ilikuwa imezingirwa na Waprusi. Lakini nashukuru kwa 1871, sikuwa nimeziweka pamoja. Stanley yuko Ujiji, Verdi anaimbwa Cairo. Nitamwambia mama watoto.

Mwalimu wa Kwaya
Nimepokea, mzee. Nilifundishwa hivyo nami nikafundisha hivyo miaka yote, Mungu anisamehe.

Ng'ambo Halisi
Ninyi watu wa Kigoma malizieni hadithi. Livingstone alipopata nguvu alikwenda wapi? Alikuja Tabora. Alikaa Kwihara, tembe lake lipo hadi leo, ni makumbusho. Stanley akaenda zake Machi 1872, mzee wa watu akabaki Kwihara mpaka Agosti. Mtu akipona anahama kelele.

Mgebuka Mkavu (Kibirizi)
Alibaki kwa sababu alikuwa anasubiri wapagazi! Wapagazi wenyewe Stanley aliwatuma kutoka pwani, maana ninyi Wanyamwezi mlikuwa mmelala baada ya kushiba matobolwa, viazi vyenu vikavu.

Ng'ambo Halisi
Utani huo tumeupokea. Lakini usituguse kwenye matobolwa.

Binti Ujiji
Tena mzee alisema "mtu wa Ujiji" kama anataja ugonjwa. Mzee, huyo mama ndiye anayekupikia kwa mawese au unapika mwenyewe huko Ng'ambo?

Mzee wa Karakana
Anapika yeye. Mawese yanatoka kwao, yanakuja na treni kwenye dumu la lita 20. Sikatai. Siku ya dumu kufika nyumba nzima inanukia hadi kwa jirani, na jirani hapo ndipo anapokumbuka kunisalimia.

Kada Mstaafu
Mada, mada! Tunazungumzia nidhamu ya familia, mmeingia kwenye mafuta.

Mama Wanne (Gungu)
Kada, nidhamu ya familia ndiyo hiyo hiyo mafuta. Ninyi mnasema "ugali wangu, ugali wangu". Ugali nani kausonga? Mboga nani kaunga? Huyo mzee anakula mawese ya ukoo wa mkewe, halafu anatangaza nyumba ni yake peke yake. Kwa hesabu yake, na yeye apige kura ya chama cha Ujiji.

Isevya Damu
Mama Wanne kamaliza. Fungeni uzi.

Mzee wa Karakana
Haujafungwa. Dada yangu Mama Wanne, sikusema nyumba ni yangu peke yangu. Nimesema ina baba. Unahodha si umiliki. Meli ya Liemba ilipokuwa ikitoka Kigoma kwenda Mpulungu nahodha alikuwa mmoja, abiria mia tano kila mmoja na mawazo yake.

Mgebuka Mkavu (Kibirizi)
Liemba tuachie wenyewe. Meli ile Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao 1916 maadui wasiipate. Mkubwa wao ndiye aliyeamua. Waingereza wakaja kuiinua 1924. Chagua mfano mwingine, mzee.

Mwalimu wa Kwaya
Hahaha! Mimi niliyeteleza Suez nimepata pa kulipia. Mzee, umemtaja Germont ukaishia nusu. Anapomwendea yule mwanamke, Violetta, anamtuhumu kwamba anamfilisi kijana. Violetta anamwonyesha karatasi: ni yeye anayeuza mali zake kumtunza kijana! Anayekula ugali hapo ni nani? Pili, mwishoni Violetta anakufa kwa kifua kikuu na Germont yuko chumbani, anajuta, anakiri amekosea. Padre wenu hakuwapigia santuri ya mwisho?

Mama Wanne (Gungu)
Ehee.

Mwalimu wa Kwaya
Halafu Verdi mwenyewe. Wakati anaitunga hiyo, 1853, alikuwa anaishi na mwimbaji Giuseppina Strepponi bila ndoa, mji mzima wa Busseto unawasengenya. Walifunga ndoa 1859. Wanaomjua wanasema Germont ni jibu kwa wale waliokuwa wanamchungulia dirishani. Mhafidhina wetu anamshangilia mtu aliyemchoka mhafidhina.

Mzee wa Karakana
Hayo ya Strepponi nayajua. Sikuyataja kwa sababu si ya kusemwa barazani mbele ya watoto. Na mtu anaweza kukosea nyumbani kwake akaandika ukweli kazini. Verdi huyo huyo watu waliandika "Viva Verdi" kwenye kuta za Italia, herufi za jina lake zikisimama kwa mfalme Vittorio Emanuele. Akawa mbunge wa bunge la kwanza la Italia 1861. Mtu wa mfalme, mtu wa taifa moja. Hapo vipi?

Wakili wa Mtaani
Hapo ni kwamba walikuwa wanawapinga watawala waliokuwepo, mzee. Waliandika ukutani kwa sababu haikuruhusiwa kusema wazi. Bintiyo kaanika kwenye kamba. Na huo mfano wako wa Tabora 1958, sauti moja ilitoka wapi? Zuberi Mtemvu hakukubaliana, akatoka TANU, akaanzisha chama chake.

Mzee wa Karakana
Na 1962 akagombea urais na Mwalimu. Hata asilimia mbili hakufikisha.

Wakili wa Mtaani
Lakini aligombea. Wala hakuna aliyemwambia arudishe ugali. Bado sijajibiwa ibara ya 5 na ya 20.

Kada Mstaafu
Wakili, vijana kama wewe mnajua ibara, hamjui bei ya gunia la mahindi. Lea kwanza, uje na ibara.

Wakili wa Mtaani
Nina watoto wawili na mama mzazi nyumbani. Bei ya gunia naijua kuliko wewe unayelipwa pensheni. Usiniite kijana.

Kada Mstaafu
Pensheni yangu nimeifanyia kazi miaka 34. Wewe umeifanyia nini nchi hii zaidi ya kubishana?

Binti Ujiji
Jamani, jamani. Mzee wa Karakana, swali moja tu, na ujibu lenyewe: ulimfanya nini binti?

Mzee wa Karakana
Nilimwambia aianue. Hakuianua. Nikaongeza sauti ya redio. Yeye akakaa kwenye ngazi, akawa anachambua mchele. Ilipofika pale Germont anapomwimbia mwanawe habari za nyumbani kwao Provenza, bahari na ardhi, mkono wake ukasimama kwenye ungo. Alikuwa anaisikiliza tangu mdogo, nilikuwa nalaza watoto kwa kanda hiyo. Akasema, "Baba, huyu mzee anatumia nyumbani kwao kumfunga mwanawe." Kisha akaendelea kuchambua. Nikazima redio. Mama yake akatoka jikoni akaiwasha.

Mama Wanne (Gungu)
Huyo binti mpe salamu zangu.

Isevya Damu
Mzee, hiyo kanda unaiuza? Nataka kujua kuna nini humo hadi mtu anasimamisha ungo.

Mzee wa Karakana
Haiuzwi. Njoo barazani usikilize, ila kofia utavua.

Ng'ambo Halisi
Mzee, mimi ni jirani yako na nimekujua kwa hilo dumu. Kanga bado iko kambani naiona kutoka hapa, na wingu linakuja kutoka upande wa Kitete.

Mzee wa Karakana
Naiona. Sianui. Aianue mwenye chama.

Binti Ujiji
Anua, baba. Kanga mpya hiyo, ikilowa itachuja rangi kwenye shuka lako, ulalie chama cha watu mwaka mzima.

Mzee wa Karakana
Nimeanua. Shuka kwanza.

Mgebuka Mkavu (Kibirizi)
Sasa tuliobaki kwa ajili ya mgebuka. Ng'ambo, huko kwenu mmoja mkavu unauzwaje wiki hii? Nina shehena ya kupandisha treni na sitaki kusikia tena habari za Livingstone.