Kodi ilipungua 2,500, chama cha wafanyakazi kilikata 14,320, majadiliano ya mshahara yako wapi?

Wakuu, mimi ni mwalimu wa sekondari, niliajiriwa 2011. Leo yamenifika shingoni.

Kila Mei Mosi tunavalishwa fulana na kofia, tunapita na mabango mbele ya jukwaa kuu, halafu kuna miaka tunatangaziwa kodi ya mshahara imeshushwa. Dodoma 2016, kutoka asilimia 11 hadi 9. Mwanza 2021, kutoka 9 hadi 8. Watu wakashangilia. Jioni ile ya 2021 nilipiga hesabu nyuma ya daftari la maandalio. Kiwango kile kinagusa kipande tu cha mshahara, kati ya 270,000 na 520,000. Asilimia moja ya hapo ni shilingi 2,500 kwa mwezi, basi, hata kama unalipwa mamilioni. Na Julai hiyohiyo lita ya petroli ikaongezewa tozo ya shilingi 100, tozo ya miamala nayo ikaingia kwenye simu. Nilipomtumia mama hela ya dawa, nikakatwa.

Sikatai kodi kushuka. Kinachoniuma ni kupewa punguzo badala ya kuitwa mezani. Punguzo anaamua mtoaji peke yake, kiasi anachotaka, siku anayotaka. Mshahara ni jambo la kujadiliana, na wa kunijadilia ni chama cha wafanyakazi, ambacho kila mwezi kinachukua asilimia 2 yangu. Kwa 716,000 niliyokuwa nalipwa wakati ule, ni 14,320.

Niliandika barua ya kujitoa. Afisa akaisoma, akanirudishia: "Mwalimu, utakatwa tu." Na kweli, sheria ya ajira ya 2004 inaruhusu chama chenye wanachama wengi kumkata hata asiye mwanachama, kwa sababu naye anafaidi kinachopatikana kwenye majadiliano. Hoja hiyo naikubali kabisa, asiyechangia asile jasho la wenzake. Sasa hicho kilichopatikana kiko wapi?

Julai 2012 tuligoma kudai nyongeza ya asilimia 100. Hazikupita siku nyingi, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikasema mgomo ni batili, turudi kazini. Nakumbuka asubuhi ile tulivyopanga foleni kusaini daftari la mahudhurio, hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Tangu hapo shuleni kwetu sijaona karatasi ya kura ya mgomo. Haki ya kugoma imeandikwa kwenye sheria, na sisi tumebaki kusubiri Mei Mosi tusikie tumepewa nini.

Viongozi wa vyama mnaopita humu, wekeni hapa makubaliano ya mwisho mliyosaini na mwajiri kuhusu mshahara wa mwalimu, ule ukurasa wenye sahihi na tarehe. Nimeyaomba tawini, nimeyaomba wilayani, huu mwaka wa tatu.