MJADALA: Nani ana haki ya kukudai kitambulisho, na haki hiyo inaishia wapi?

Wenzangu, jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu, na wiki jana likanifika shingoni. Nilikuwa na miadi na wakili katika ghorofa ya nne ya jengo moja hapa Nairobi. Mlangoni pana meza, daftari lililochakaa pembe na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Unaandika jina, nambari ya kitambulisho, simu, unakokwenda na saa. Mama aliyenitangulia alipoweka kalamu chini, mambo yake yote yalikuwa wazi mbele yangu: majina yake matatu, nambari zake, na kliniki aliyokuwa akienda. Sikutaka kuyajua. Kisha askari akachukua kitambulisho changu, akakitia kwenye boksi la viatu na kunipa kibao chenye nambari 17. Niliposhuka, zamu ilikuwa imebadilika, boksi limefungiwa kabatini na mwenye ufunguo ameenda kula. Nilisubiri dakika arobaini. Simlaumu askari, maana anatii agizo la aliyemwajiri. Namuuliza aliyetoa agizo.

Ibara ya 31 ya Katiba yetu ya 2010 inalinda faragha, na inasema taarifa za familia ya mtu au za mambo yake binafsi zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo ulazima. Mimi nashikilia hapo kwenye ulazima. Katiba haikusema usiulizwe kamwe. Imesema anayeuliza awe na sababu, na kwa maoni yangu kuieleza sababu hiyo ni juu yake, si juu yangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inamtaka mtu akusanye kile tu anachohitaji kwa kazi aliyoitaja. Ghorofa ya nne inahitaji nambari yangu ya simu kwa kazi gani?

Najua kuna watakaonijibu kwa sheria ya 2016 inayosimamia kampuni za ulinzi. Ni kweli, kifungu cha 48 kinamruhusu mlinzi kukuomba ujitambulishe, kuandika saa ya kuingia na kutoka, hata kubaki na kitambulisho chako kwa muda. Lakini kisomeni mpaka mwisho. Kinataka kitambulisho kihifadhiwe salama, kirudishwe mara tu ziara inapokwisha, na taarifa zisitumiwe kwa jambo jingine lolote. Watu wanakariri nusu ya kwanza na kuiacha ya pili.

Hoja ya usalama siidharau. Watu 67 waliuawa na magaidi katika duka kubwa la Westgate hapa Nairobi mwaka 2013, na sisi tunaoishi mji huu hatujasahau. Lakini wauaji wale waliingia wakifyatua risasi, na daftari lisingewazuia. Nipekue mkoba, nipitishe kwenye mashine, nitasimama bila kinyongo. Huo ni ulinzi. Nambari yangu ikiwa wazi mezani, anayelindwa ni nani? Mwezi Juni 2021 Wakenya wengi waligundua wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuvijua. Tulijiuliza nambari zetu za vitambulisho zilitoka wapi, na mimi bado najiuliza.

Babu zetu walilijua hili kwa jina la kipande. Kuanzia miaka ya 1919 na 1920 serikali ya kikoloni ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu kutembea nacho, wengi wakikivaa shingoni ndani ya kopo la bati, kikiwa na alama za vidole na habari za mwajiri. Ukikosa kukionyesha ni faini au jela. Mwanaharakati Harry Thuku aliyekipinga alikamatwa Machi 1922, na waliokwenda kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Ndiyo maana nashtuka nikisikia mtu akisema, "Kama huna cha kuficha, toa tu."

Mahakama zetu zimewahi kuchora mipaka. Kwenye kesi ya Huduma Namba, mpango wa serikali wa kumsajili kila mtu na kumpa nambari moja, Aprili 2019 Mahakama Kuu iliruhusu usajili uendelee lakini ikakataza kumlazimisha mtu au kumnyima huduma kwa kutojisajili. Januari 2020 majaji watatu wakafuta ukusanyaji wa vinasaba (DNA) na wa vipimo vya setilaiti vya mahali mtu anapoishi. Walioanzisha kesi hiyo ni pamoja na Wanubi, Wakenya wenye asili ya Sudan ambao kwa miaka mingi walipigwa msasa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho, ilhali Ibara ya 12 inasema ni haki ya kila raia. Kijana Mnubi wa Kibera ambaye dola ilichelewa kumpa kadi atafanya nini kwenye geti la hospitali akiambiwa bila kitambulisho haingii? Hapo mimi sipepesi: asizuiwe.

Benki, kituo cha kupigia kura, polisi mwenye sababu ya kisheria, hao nawapa bila neno. Nyumba za kupanga, ofisi za watu binafsi na kliniki ndizo nataka tuzijadili.

Wanasheria na walinzi mlio humu, nisaidieni. Daftari likijaa, hupelekwa wapi? Nilimuuliza yule askari wa zamu ya pili. Akaniambia huenda stoo, na baada ya hapo yeye hajui.