Nani kapita mlangoni usiku: kadi, Bluetooth au Wi-Fi?

MpakuaDagaa: Wakuu, nina stoo ya dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, watu tisa. Magunia mawili yameyeyuka usiku na kila mmoja anaapa. Niliweka kamera, kesho yake akina mama wakaitundikia kanga, maana hapo mlangoni ndipo wanapobadilishia nguo. Sikuwalaumu. Mashine ya alama za vidole nayo inagoma, vidole vimejaa magamba na mafuta. Nasikia mtu anatambulika kwa mawimbi tu?

Fundi_Igoma: Kunasa simu zinazopita, sahau. Tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya iPhone ya 2020, simu inajipa namba ya bandia ya Wi-Fi (siyo namba ya kupigia) kwa kila mtandao. Aliyejiunga na Wi-Fi yako kwa hiari utamtambua, ila mwizi anaacha simu nyumbani.

BintiNyegezi: Na ile ya kusoma mwendo wa mtu kwa mawimbi ya Wi-Fi, mtu habebi chochote?

Fundi_Igoma: Hiyo tamu kuisikia. Mwili umejaa maji, na maji yanayavuruga mawimbi ya Wi-Fi ya 2.4 GHz. Weka ESP32, kile kifaa kidogo chenye Wi-Fi, moja kila upande wa mlango, uone mawimbi yanavyotikisika mtu akipita. Kompyuta inajifunza mtikisiko wa kila mmoja. Nimejaribu kwangu. Mtu yuleyule akivaa ndala, halafu gambuti na gunia kichwani, mashine inaona watu wawili. Na kwako nani anapita mikono mitupu? Itakwambia saa nane usiku kuna mtu. Nani, hapana.

Mzee_wa_Vifungu: Tena msidhani bila picha hakuna faragha inayoguswa. Mwendo ni wa mwilini kama alama ya kidole, ukivuja huwezi kuubadilisha. Sheria yetu ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023, inaweka taarifa za namna hiyo kwenye kundi nyeti. Kadi ikipotea unatoa nyingine.

BintiNyegezi: Kitagi cha Bluetooth kwenye funguo je?

Fundi_Igoma: Kinatangaza namba yake muda wote. Namba isipobadilika, kijana yeyote mwenye simu pale mwaloni atajua dada fulani kafika. Kadi ya kugusa inasomwa kwa sentimita chache tu, ikiwa mfukoni iko kimya.

MpakuaDagaa: Basi kadi ya kugusa, mashine ijue namba tu, majina yabaki kwenye daftari langu. ESP32 ikiona mtu na hakuna kadi iliyoguswa, simu yangu ilie.

BintiNyegezi: Na kamera uishushe, kanga ya watu irudi.