Mtoto wa miezi mitano anaharisha, mama mkwe anasema ni meno ya plastiki

mama_K_Mabatini
Habari za jioni wapendwa. Mwanangu ana miezi 5 na wiki moja. Toka juzi anaharisha maji maji, leo nimehesabu mara saba, na usiku wa jana mwili ulichemka. Mama mkwe yuko hapa, katoka Ukerewe wiki iliyopita. Leo kamfunua mdomo akanionyesha ufizi wa chini, pembeni umevimba kidogo na una weupe. Anasema ni meno ya plastiki, yasipong'olewa mtoto atatuponyoka. Kuna mzee huku juu mlimani anayatoa kwa spoku ya baiskeli, na kashaambiwa aje kesho saa moja asubuhi. Mume wangu yuko kambini kwenye dagaa, simu inapatikana kwa bahati. Nifanyeje bila kumvunjia mkwe heshima?

dagaa_mwaloni
Ng'oa tu dada. Wa kwangu tulimtoa akiwa na miezi sita, siku ya tatu kuhara kukakata. Hospitali hawayajui haya.

nesi_mstaafu
Mwanangu, huyo mzee asiguse huo mdomo. Nimekaa wodi ya watoto miaka 26, na hao waliotobolewa fizi nimewapokea mimi. Mmoja alikuwa na miezi saba. Nilipomfungua kiganja kilikuwa cheupe kama karatasi, na kitambaa cha bibi yake kimeloa damu ya usiku kucha. Na spoku ile ile inatoka kwa mtoto huyu inaingia kwa yule.

Huo uvimbe ni jino la chonge linajitengeneza chini ya ufizi. Kila mtoto wa umri huo analo, anayeharisha na asiyeharisha. Ila hakuna anayemfunua mdomo mtoto mzima, kwa hiyo linaonekana siku ya ugonjwa na kubebeshwa kesi.

Sasa kazi. Nunua ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki usiku huu huu, duka la dawa halijafungwa. Soma pakiti: nyingine ni ya lita moja, nyingine nusu lita. Ya lita moja ni chupa mbili za maji za nusu lita, maji yaliyochemka yakapoa. Usikadirie kwa jagi. Kila akiharisha mpe robo mpaka nusu kikombe, kwa kijiko, taratibu. Akitapika subiri dakika kumi uanze tena, polepole zaidi. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Zinki ya miligramu 20 mpe nusu kidonge kwa siku, kwa kuwa hajafika miezi sita. Kilainishe kwenye kijiko na maziwa yako. Siku 10 mpaka 14, hata kuhara kukikoma siku ya pili. Na ziwa usimnyime.

Asubuhi mpeleke kituo cha afya na kadi yake ya kliniki. Hiyo homa apimwe malaria, huku kwetu usibahatishe. Lakini akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea, macho yakidumbukia, ukiona damu kwenye choo, au ukimfinya ngozi ya tumbo ikachelewa kurudi, usingoje asubuhi.

Halafu niambie ukweli: anakula nini ukiwa kazini?

mama_K_Mabatini
Shikamoo sista. Natoka saa kumi alfajiri kwenda kazini Kirumba. Anaachiwa uji mwepesi kwenye chupa ya kunyonyea, toka mwezi uliopita.

nesi_mstaafu
Marahaba. Hapo sasa. Ile chuchu ya mpira ni ngumu kutakata, na uji unalala humo mpaka jua linawaka. Kamua maziwa kabla ya kutoka, funika, anyweshwe kwa kikombe ndani ya masaa manne. Uji usubiri miezi sita.

Mkwe usibishane naye. Mwambie, "Mama, twende wote kliniki, wewe ndiye unayejua watoto." Na kijiko cha ORS mkabidhi yeye. Bibi akipewa kazi hatafuti mganga. (Mimi mwenyewe bibi yangu alinikata kimeo, na alinipenda kuliko wote.)

@dagaa_mwaloni, kuhara kwingi kwa watoto hukoma kwenyewe ndani ya wiki. Ungemng'oa kucha kungekoma vile vile. Meno yake yakoje sasa?

dagaa_mwaloni
Ana miaka 12. Chonge la chini kushoto limetoka limepinda, la kulia halijatoka. Sikuwahi kuunganisha.

mama_K_Mabatini
Tumerudi kutoka kliniki. Malaria hana. Kaharisha mara tatu tu toka asubuhi na kakojoa mara mbili. Mzee alikuja, mama kamwambia arudi akiitwa. Sasa hivi kijiko anacho yeye, kaninyang'anya. Sista, ile nusu ya zinki iliyobaki naiweka wapi?

nesi_mstaafu
Irudishe kwenye karatasi yake, uikunje, iwe pakavu. Kesho ndiyo unampa hiyo.