Jumla imeshuka asilimia 44, faharasa inasema 62: nichukue ipi?

Mizani9

Wakuu, natengeneza faharasa ya mabadiliko ya wanyamapori kwa njia ya Living Planet Index (LPI), ile ya ZSL, jumuiya ya wanyama ya London, na WWF, shirika la uhifadhi. Kabla ya kuingiza data yote nimejaribu makundi matatu, kila moja la spishi yake:

A: 1,000 → 500
B: 100 → 10
C: 200 → 220

Nikijumlisha wanyama wote napata 1,300 → 730, yaani pungufu ya asilimia 44. Faharasa inatoa 0.38, maana yake asilimia 62 zimekwenda. Hesabu nimeirudia, si kosa la kuandika.

Mengine mawili. Baadhi ya mifululizo (hesabu za kundi moja mwaka hadi mwaka) ina sifuri, na faharasa hutumia logi (logarithm), ambayo sifuri haina. Mingine ina miaka minne tu iliyohesabiwa kati ya 1980 na 2000. Niitupe?

kanzidata

Zote mbili ni sahihi, zinajibu maswali tofauti. Jumla inauliza wamebaki wanyama wangapi. Faharasa inauliza kundi la kawaida limebadilika kwa uwiano gani: 0.5 × 0.1 × 1.1 = 0.055, kipeuo cha tatu chake ni 0.38. Hapo kila spishi ina kura moja, iwe na wanyama mia au laki. Kwenye jumla, A peke yake ndiye anayeamua. Ukifanya hivyo kwa dunia nzima, dagaa watawafunika vifaru na hutaona chochote.

Kwa hiyo "asilimia 73 ya wanyamapori wametoweka" ni usomaji mbovu, ingawa unasambaa kila ripoti inapotoka. Ripoti ya Living Planet ya 2024 ilizungumzia wastani wa kushuka kwa asilimia 73 kwa ukubwa wa makundi *yanayofuatiliwa*, 1970 hadi 2020: makundi 34,836 ya spishi 5,495, wote wenye uti wa mgongo. Wadudu hawamo. Na ndani ya wastani huo yapo makundi mengi yaliyotulia au yanayoongezeka.

Mifululizo mifupi usiitupe, miaka miwili iliyohesabiwa inatosha. Jaza pengo kwenye logi, si kwenye idadi yenyewe. Tuseme ni 400 mwaka 1980 na 100 mwaka 2000. Logi ya 0.25 ni −0.602, gawa kwa 20, kila mwaka unapata −0.0301, sawa na kuzidisha kwa 0.933. Ukichora mstari mnyoofu kwenye idadi unatoa 15 kila mwaka, na hapo mwaka wa kwanza kundi linashuka asilimia 3.75 na wa mwisho asilimia 13. Kasi hiyo imetengenezwa na rula yako, wanyama hawahusiki. Mfululizo wenye miaka sita au zaidi unapitishiwa mkunjo laini badala yake. Na usirefushe mfululizo kabla ya hesabu ya kwanza wala baada ya ya mwisho.

Zingatia ngazi: wastani wa makundi ndani ya spishi kwanza, kisha spishi ndani ya kundi la viumbe (kama ndege au samaki) na kanda, kisha kanda kwa pamoja. Ukiruka ngazi ya spishi, ndege mmoja mwenye mifululizo 60 anapiga kura 60.

Sifuri_si_Sifuri

Kabla ya kutibu sifuri, jua ni sifuri ya aina gani. Mara nyingi ni mwaka ambao hakuna aliyekwenda kuhesabu na mtu akajaza 0 kwenye jedwali. Huo uache wazi. Au walikwenda, wanyama walikuwepo, hawakuonekana: nyasi ndefu, ndege ya kuhesabia ilipita juu mno, kamera ziliwekwa msimu tofauti. Sifuri ya kweli ni ya kundi lililokwisha kabisa, na hiyo usiifute, maana kuifuta ni kuficha habari kubwa kuliko zote ulizonazo.

Kwa sifuri halali, desturi ya LPI ni kuongeza asilimia 1 ya wastani wa mfululizo kwenye miaka yote. Mfano 40, 20, 0: wastani 20, unaongeza 0.2, unapata 40.2 → 0.2. Wengine huongeza 1, inakuwa 41 → 1. Tofauti inaonekana ndogo, lakini weka mfululizo huo kati ya spishi 20, nyingine 19 zikiwa hazijabadilika hata kidogo. Kwa 0.2 faharasa inashuka asilimia 23. Kwa 1 inashuka 17. Yote hayo kwa spishi moja na uamuzi mmoja! Endesha njia zote mbili na uchapishe zote mbili.

Angalia pia kama njia ya kuhesabu ilibadilika katikati. Samaki kwa saa ya kuvua, viota kwa kilomita, wanyama kwa kilomita ya mraba, vyote vinakubalika kwa sababu faharasa hutumia uwiano tu. Lakini wakibadili wavu au upana wa ukanda wa kuhesabia, kata mfululizo pale pale, uufanye miwili.

mkia_mrefu

Naongeza onyo. Mwaka 2020 mwanaekolojia Brian Leung na wenzake walionyesha kwenye jarida la Nature kwamba mwelekeo wa kushuka kwa zaidi ya nusu ulibebwa na chini ya asilimia 3 ya makundi, yale yaliyoporomoka vibaya sana. Ukiyaondoa, kushuka kwa jumla hakuonekani tena. Kwa hiyo ondoa spishi moja moja, piga hesabu upya kila mara, uone ni ipi inayoivuta faharasa.

Sifuri_si_Sifuri

Sawa, ila kuvuta si sababu ya kuondolewa. Makundi yaliyoporomoka yameporomoka kweli. Jaribio hilo linakuambia wastani umebebwa na nani, halikupi ruhusa ya kumfuta.

mkia_mrefu

Tunakubaliana. Nilichokusudia ni kwamba namba moja pekee haitoshi, iambatane na mipaka yake: chagua spishi upya kwa bahati nasibu, kwa kurudishia, mara 10,000, kisha panga matokeo na uchukue yaliyo kwenye nafasi ya asilimia 2.5 na 97.5. Kifurushi cha rlpi kwenye R, programu ya takwimu, kinafanya hivyo. Hata hivyo mipaka hiyo haitibu upendeleo wa data, kwa kuwa Ulaya na Amerika Kaskazini zina mifululizo mingi, hasa ya ndege. Ndiyo maana tangu ripoti ya 2014 kila kundi la viumbe ndani ya kanda hupewa uzito kulingana na idadi ya spishi zake halisi, si idadi ya mifululizo iliyopatikana.

Mizani9

Nimeelewa, asanteni. Moja la mwisho: miaka yangu mitatu ya mwisho faharasa inaruka juu ghafla.

kanzidata

Hesabu ni spishi ngapi zina data kila mwaka. Nadhani zinapungua mwishoni, kwa sababu takwimu huchelewa kuchapishwa, na waliobaki ni wale wanaofuatiliwa kwa karibu, ambao mara nyingi ndio wanaolindwa. Ripoti ya 2024 yenyewe iliishia 2020. Kata mchoro wako pale idadi ya spishi inapoanza kuporomoka.