MinIO kwenye Windows inakataa picha kila umeme unaporudi

Mwuliza, Wete:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Kompyuta ya mezani ya chuo chetu cha Kurani, ambayo haina intaneti, nimeiwekea MinIO, programu ya kuhifadhi faili, juu ya Windows ili picha za vitabu vya zamani vya wazee wetu, tunazozipiga ukurasa kwa ukurasa, zikae mahali pamoja. Programu yenyewe ni faili moja tu, minio.exe, niliielekeza kwenye diski D, nikabadilisha jina na nywila ya kuanzia, na ukurasa wake wa usimamizi unafunguka vizuri. Lakini kila umeme ukikatika usiku, asubuhi laptopu ya kupakia picha hukataliwa, ikiambiwa kuwa tofauti ya saa baina ya ombi na seva (yaani ile kompyuta ya mezani) ni kubwa mno. Nimeshaifuta na kuiweka upya mara mbili. Kosa liko wapi?

Mjibu, Mjini Unguja:
Waalaykum salaam. Usiifute tena, kwani MinIO haina kosa. Inafuata S3, utaratibu wa Amazon wa kuhifadhi na kuomba faili kwa mtandao, ambao kila ombi hutiwa sahihi pamoja na saa lilipotumwa, na saa hiyo ikipishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 15 ombi hurudishwa, ili aliyelinasa njiani asije akalitumia baadaye. Kesho asubuhi, kabla hujagusa kitu, tazama tarehe kwenye pembe ya skrini. Ndani ya kompyuta kuna betri ya duara mfano wa sarafu, CR2032, inayotunza saa umeme usipokuwepo. Naamini yako imekwisha.

Mjibu, Chake Chake:
Ukirekebisha saa kwa mkono, hakikisha majira ya eneo ni ya Nairobi, UTC+3, yaani saa 3 mbele ya UTC, saa ya kimataifa. Yakibaki UTC, saa itaonekana sawa machoni, kumbe kwa hesabu ya seva imepishana saa 3 nzima. Jambo hili lilinipotezea siku nzima.

Mwuliza, Wete:
Tarehe ilikuwa imerudi mwaka 2009! Nimebadilisha betri, nikachomoa waya wa umeme usiku kucha kwa makusudi, na asubuhi kurasa zote 40 zimepokelewa. Mungu awalipe kheri. Sasa nataka kunakili folda ya diski D kwenye diski ya nje.

Mjibu, Mjini Unguja:
Nakala ni lazima, maana diski moja ikifa picha zote zimekwenda. Ila ukiifungua folda hiyo hutaona picha, utaona folda zenye faili za xl.meta ambazo programu ya picha haizisomi. Tumia mc, programu ndogo ya MinIO yenyewe, kwa amri ya mc mirror. Hapo picha zitatoka zikiwa picha.