Dogo alianguka na jua kwenye mazoezi, sasa moyo unamwenda mbio. Nimruhusu akimbie?

Wakuu, heshima kwenu. Niko Tabora, na jua la Oktoba la huku mnalijua. Mdogo wangu, miaka 21, anajifua kwa usaili wa jeshi. Jumamosi saa saba mchana kavaa koti la mvua juu ya sweta, eti atoe jasho apungue, akakimbia kutoka Ipuli. Kurudi kapakatwa kwenye bodaboda, anaropoka, ngozi inachoma kama sufuria. Wenzake walimmwagia ndoo tatu za maji ndipo wakamkimbiza hospitali. Dripu, siku mbili, karuhusiwa.

Sasa akipanda ngazi tu moyo unadunda, mara unaruka pigo. Na Jumatatu anataka kurudi barabarani.

Asali_ya_Sikonge: Mpe glukozi na juisi ya ukwaju, hayo ni maji tu yamepungua. Sisi tulikimbia hivyo hivyo na tupo.

Kabwela_wa_Zamu: Mkuu, usimpoteze mwenzio. Mtu akikimbia juani mpaka akaropoka, mara nyingi joto la mwili limeshapita nyuzi 40. Moyo hapo unabeba kazi mbili: kulisha misuli inayokimbia, na kupeleka damu kwenye ngozi joto litoke. Jasho nalo linapunguza damu inayorudi, basi moyo unafidia kwa kwenda mbio. Ukielemewa, misuli yake yenyewe inaumia. Halafu misuli ya mapaja ikiharibika inamwaga potasiamu, aina ya chumvi, kwenye damu, na ikizidi inavuruga mapigo, hata kuusimamisha moyo. Mkojo ulikuwaje?

Mleta uzi: Kama chai ya rangi, siku mbili za kwanza.

Kabwela_wa_Zamu: Basi hiyo ni dalili misuli imeharibika, mpeleke leo hii! Omba ECG, zile nyaya za kifuani, na damu ipimwe potasiamu, figo, troponini (huonyesha moyo ukiumia) na CK (huonyesha misuli ikiharibika). Akizimia au kifua kikibana, hata usiku wa manane, mbio hospitali. Mazoezi asiguse wiki nzima angalau, tena mpaka vipimo vikae sawa na daktari aseme. Akianza aanze alfajiri, mdogo mdogo. Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kulizoea joto. Na hao wenzake wapewe soda, zile ndoo ndizo zilimwokoa.

Mleta uzi: Tumerudi. Daktari ameona mapigo hayajatulia, kamtaka tena wiki ijayo. Dogo kanuna. Koti mama kafunikia banda la kuku.